Maua ya Kofia kwenye Mfarishi wa Harusi

Mfarishi wa harusi ya mjukuu wangu nilishauunga vipande. Vipande nilivipanga vikawa sura ya maboksi mwili mzima, kila boksi lina upande mweupe, wa buluu na mweusi, ukiutazama utadhani yanakuporomokea. Ilibaki kuchagua mishono ya kushikia pamba ndani, na hapo ndipo vita vilipoanza, sebuleni kwangu Tottenham.

"Fuata mistari tu, wifi," alisema dada wa marehemu mume wangu. "Ukitia maua, maboksi yatapotea. Utamfunika bibi harusi kitambaa cha meza."

Nilimwambia anywe chai yake. Shule sikusoma, lakini Unguja nilishona kofia tangu sijavunja ungo, na kofia haijazwi maua kila mahali. Pasipo uwazi, ua halionekani. Nikachora maua ya kofia kwenye pande nyeupe peke yake. Zilizobaki nikazishona kwa kufuata kingo tu.

Tulipoutandika, maboksi yalisimama kuliko mwanzo. Mjukuu wangu, ambaye hunijibu kwa Kiingereza siku zote, alipitisha kidole juu ya ua akasema, "Kofia ya Babu."

Wifi aliuzunguka mfarishi. "Na mimi nataka wangu," akasema.

"Kata vitambaa," nikamwambia. "Maua nitachagua mimi."