Springi za Mama Mkwe

Miraji wa Kibiti alipoamua kulishusha gari lake la abiria, stendi nzima ilicheka. Na kwa nini isicheke? Barabara za kwetu zinajulikana. Ukiacha lami ukaelekea Ngorongo, mvua ikinyesha ni tope, isiponyesha ni mchanga, na kila mwenye gari hukimbilia kuweka spesa juu ya springi ili gari lisimame juu, lisikwame. Leo mtu mzima mwenye mvi, anayekaribia kuozesha binti, anatafuta springi fupi kama vijana wa Dar wanaoburuza magari chini kwa kujionyesha. Wenzake wakamwuliza kama ameongeza mke. Miraji akacheka nao.

Sababu ilikuwa mama mkwe wake, na mambo ya mkwe hayaanikwi stendi.

Bi Mwanahawa, mama yake Habiba mke wa Miraji, anakaa Umwe. Mwaka juzi aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Alitibiwa akapona, anatembea kwa mkongojo, anapika, anagombana na majirani kama kawaida yake. Ila kuinua mguu apande kitu, hawezi. Bajaji aliijaribu mara moja, ikamrusharusha mpaka akaapa hapandi tena. Gari la Miraji, kwa zile spesa, lilikuwa juu mno. Habiba peke yake hawezi kumwinua, maana Bi Mwanahawa si mwembamba, mashallah. Miraji nguvu anazo, lakini atamshikaje mama mkwe kiunoni? Hata usoni hamtazami, na wakizungumza, maneno hupitia kwa Habiba ingawa wote watatu wamekaa baraza moja. Walipopendekeza vijana wa jirani wambebe, bibi wa watu aliwaka.

"Wanaume watanibeba siku moja tu," alisema, "na siku hiyo mimi sitakuwa na habari."

Sasa harusi ya Hafsa, ya kufanyika Kibiti, ilikuwa imekaribia. Hafsa, binti wa kwanza wa Miraji, alilelewa Umwe na bibi yake tangu alipoacha ziwa mpaka alipomaliza shule. Alisema waziwazi kwamba bibi asipokuwepo, hata hina hapaki. Bibi humjibu kwenye simu kwamba hana neno, atamwombea dua huko huko. Akishakata simu, analia. Habiba alimkuta hivyo, akamweleza mumewe, na tangu hapo Miraji hakuwa na raha.

Aliyeona njia ni Habiba. Barazani kwa mama yake kuna benchi, na kwenye benchi lile Bi Mwanahawa hukaa na kuinuka bila kushikwa na mtu. Habiba akakata kijiti cha mwanzi sawasawa na kimo cha benchi, akarudi nacho Kibiti. Miraji akakisimamisha kando ya kiti cha nyuma cha gari. Kiti kilikuwa juu ya kijiti kwa mbali. Wakatoa spesa, bado kikakizidi kwa upana wa kiganja.

Hapo ndipo Miraji alipoingia dukani kwa Irfan, kijiti mkononi. Irfan alirithi duka la spea kwa baba yake, na amezoea kuulizwa springi kwa jina la gari. Kuletewa mwanzi hakujawahi kumtokea.

"Nataka springi za kulishusha gari mpaka hapa," Miraji alisema, akionyesha ncha.

"Bwana Miraji, leo umeamkaje?"

Miraji akamwambia kweli, kwa sauti ya chini, na Irfan akaacha kucheka. Akamwita fundi Iddy, mwenye gereji ubavuni mwa duka. Iddy alikuwa na jawabu tayari.

"Tunazikata hizi hizi, kaka. Grenda tu, kazi imekwisha."

Irfan akakataa katakata. Springi iliyokatwa hulegea kwenye kikalio chake, gari likirushwa na shimo inaweza kuchomoka, na humo apande mtu mzima mwenye nyonga mbovu? Akaagiza kutoka Dar seti mbili za springi fupi, moja ngumu na moja laini, wachague wenyewe.

Zilifungwa ngumu kwanza. Kiti kikalingana na kijiti barabara, Miraji akafurahi kupita kiasi. Habiba aliweka sufuria ya maji kwenye kiti cha nyuma, akamwambia mumewe wakapite kwenye matuta. Walirudi na nusu sufuria, kiti kimelowa chapachapa.

"Hiyo ndiyo nyonga ya mama," Habiba alisema.

Iddy akazifungua huku akinung'unika. Zile laini zilituliza maji vizuri, lakini kiti kikabaki juu ya kijiti kwa upana wa kidole. Irfan akamwomba Habiba akae. Alipokaa, springi zikanywea kidogo, na kile kidole kikatoweka.

"Na mama ananizidi unene," Habiba alisema, akicheka mpaka akashika mlango.

Basi wakachukua laini. Safari za Ngorongo zikamwisha Miraji hapo hapo, abiria wa huko akawaachia wenzake. Wala hakujuta.

Siku ya harusi, Habiba akiwa kando yake, alilisimamisha gari Umwe mbele ya baraza, akatulia kwenye usukani. Bi Mwanahawa akaligonga gari kwa mkongojo kama anayechagua nazi. Akageuka kinyumenyume, akakaa, akavuta miguu ndani kwa mikono yake, akafunga mlango. Njiani, kwenye tuta moja, tumbo la gari likakwaruza.

"Habiba, mwambie mumeo gari lake linajikuna."

"Mwambie mama limezeeka, linawashwa," Miraji akajibu, na wote watatu wakacheka.

Walipofika Kibiti, wanawake walitoka na kiti wamchukue. Bi Mwanahawa akawaambia wakae mbali. Miraji akakaza macho kwenye kioo cha mbele kama inavyompasa mkwe, asigeuke. Hakuona kitu. Alisikia mlango ukifunguka na mkongojo ukigusa ardhi. Halafu gari likainuka taratibu upande wa nyuma, na kwa kuinuka kule akajua mama mkwe wake amesimama. Vigelegele vikapasuka, Hafsa akapiga kelele akimwita bibi yake, na Miraji, mikono kwenye usukani, akalia kwa furaha bila kujificha.