Koo la Bi Augusta Thirlby

Uongozi wa jumba la opera ulitangaza, kwa masikitiko makubwa na herufi kubwa zaidi, kwamba Bi Augusta Thirlby, mwimbaji wa sauti ya juu, analiacha jukwaa kwa ushauri wa daktari, koo lake likiwa limechoka. London ilisoma, ikasikitika, ikaenda kula.

Koo hilo lilitoka Norwich, kwa mshona viatu. Lilipelekwa Milano kwa michango ya waumini waliodhani linakwenda kujifunza zaburi, likarudi likipanda hadi kileleni bila kukwaruza.

Jioni ya onyesho lake la kwanza, meneja Lumsden Fitch alijipenyeza mbele ya pazia, mkono kifuani.

"Mabibi na mabwana, Bi Thirlby anaumwa koo. Ataimba hivyo hivyo, kwa heshima yenu. Mumvumilie."

Nyuma ya pazia Augusta aliruka. "Nani anaumwa?"

"Tulia, mwanangu," alisema Bi Mabbott, mvishaji wake, pini mdomoni. "Kila mgeni jukwaani huombewa radhi hivyo. Ukikosea, watakuhurumia. Usipokosea, shujaa."

Hakukosea. Lakini aliyeambiwa kuna mgonjwa husikiliza ugonjwa. Kila Augusta alipovuta pumzi, watazamaji walikunja nyuso. Magazeti ya asubuhi yaliandika: sauti nzuri, inayokufa.

"Leo waambie mimi mzima," alimwambia Fitch.

"Niwaambie niliwadanganya? Binti, wale wamelipia opera, si kuja kusikiliza toba yangu."

Jioni, Fitch akatoka tena, mkono pale pale kifuani. Augusta akampita, taji la malkia kichwani.

"Mimi ni buheri wa afya," alisema. "Hata jana nilikuwa mzima."

Kutoka viti vya bei rahisi kule juu: "Pole, mama! Kumbe ndiyo sauti yenyewe?"

Jumba likaangua kicheko. Aliimba hadi mwisho, huku ukumbi ukimkoholea kwa zamu.

"Nilikupa mwavuli," alisema Fitch, "ukauvunja mwenyewe mvuani. Kesho tunakutangazia mapumziko."

"Kwa ushauri wa daktari gani?"

"Tutampata."

Augusta alirudi Norwich. Aliongoza zaburi kanisani, asubuhi na jioni, mpaka nywele zikawa nyeupe, na hakukosa Jumapili hata moja kwa sababu ya koo.