Koti Jeusi la Mikono Miwili ya Kulia

Saa tatu asubuhi, fundi ameshika mkasi lakini hakati. Mezani kuna kipande cheusi kinachotosha mkono mmoja tu wa koti. Dukani kitambaa hicho kimekwisha, na mwenye koti anaoa leo saa nane.

Wenzake humwita Mkasi. Ana miaka arobaini na tisa, ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia kwenye meza hii. Juzi alikata mikono yote miwili kitambaa kikiwa kimelala upande uleule, akapata mikono miwili ya kulia. Kitambaa cheusi, nje na ndani hutofautiana kidogo mno.

"Nilipapasa badala ya kuangalia," anasema. "Nikajiambia vidole vinajua. Wapi!"

Mwenye karakana hakumung'unya maneno: akiharibu tena, meza ya kukatia anapewa mwingine, yeye ahamie kwenye pasi.

Dawa iko kwenye droo, nayo ni miwani ya mama yake mzazi. Bibi huyo wa miaka sabini na moja alimpa jana huku akicheka. "Chukua, mwanangu. Ulidhani utabaki msichana mpaka lini?"

Mkasi hakucheka. "Nina watoto watatu, nina mama wa kumpeleka kliniki. Wote wananiegemea mimi, halafu macho ndiyo yanikimbie? Inaniuma, sikufichi."

Anaitazama saa ya ukutani. Anavuta droo, anavaa.

"Jamani, bibi huyo!" anatania mpiga pasi.

"Bibi yako mwenyewe," anajibu bila kuinua kichwa.

Anakipeleka kitambaa dirishani, anakigeuza, anakigeuza tena. Anatia alama ya chaki upande wa ndani. Mkasi unaingia.

Saa sita bwana harusi anafika. Wiki iliyopita alimwita dada. Leo anaiona miwani, anainamisha kichwa: "Shikamoo, mama."

Mpiga pasi anaziba mdomo asicheke.

"Marahaba, baba." Anamvika koti. "Hebu inua mkono wa kushoto."

Mkono unapanda na kushuka, unatulia sawasawa kwenye kifundo cha mkono. Fundi anashusha pumzi, kisha anakaa.

Simu inalia. Ni mama, anaidai miwani yake.

"Nivumilie mpaka Jumamosi, mama," anasema kwa sauti, kila mtu akisikia. "Naenda kununua yangu."