Injini Iliyooshwa kwa Mchanga Huko Nuu

Niliitwa niende Nuu, upande wa Kitui, kwa sababu lori la mzee Mwendwa lilikuwa limekufa, na lori hilo ndilo lililokuwa likiwaletea watu maji. Ilikuwa miaka ya themanini, mwaka wa kiangazi kibaya. Mimi nilikuwa fundi wa injini za dizeli katika milima ya Kilungu, ambako hata mwaka mbaya kijito hakikauki kabisa. Nilitia spana zangu katika gunia, nikazungushia beringi mpya gauni la kulalia la mke wangu ili zisigongane, nikaaga. Alinilalamikia kuhusu gauni lile mpaka nikapotea kwenye kona.

Kutoka Kilungu nilishuka hadi barabara ya Mombasa, nikapewa lifti na lori la saruji, kisha nikapanda basi la Kitui. Tulisimama Kabati ili abiria wanyooshe miguu. Sokoni mbuzi walikuwa wengi kuliko wanunuzi. Nyuma ya duka moja la spea niliona lori la aina ileile niliyokuwa naenda kuifufua, nami siwezi kupita lori bila kulisalimu. Mwenye duka aliniambia limelala, anangoja mvua iwape watu mazao ya kusafirisha, ndipo alitengeneze. Beringi mpya za kulifunga alikuwa ameshaziweka kabatini.

Baada ya Mwingi ardhi ilibadilika rangi. Tulipita mizoga ya ng'ombe kando ya barabara, na ndani ya gari hakuna aliyeitaja. Nilifika Nuu jua likielekea kuzama. Mwendwa, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, alinipeleka moja kwa moja kanisani. Nilidhani tunakwenda kuomba. Kumbe injini ilikuwa mle ndani, mbele ya mimbari, kwa kuwa kanisa ndilo lililokuwa na sakafu ya saruji.

"Mungu ataelewa," alisema.

Nilifanya kazi vizuri, na nasema hivyo bila haya. Nilitoa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nikaipima, nikaona bado ni nzima. Nikazipaka beringi mpya oili, nikapanga kila kitu juu ya turubai kwa mpangilio wa kukirudisha. Jumamosi tukaenda Mwingi na Mwendwa kutafuta oili safi.

Tuliporudi, vyuma vyote vilikuwa vinameremeta kwa weupe.

Jumamosi ni siku ya mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaofanya kazi za pamoja, na zamu yao ilikuwa kusafisha kanisa. Walikuwa wameosha pistoni, krenki na beringi kwa mchanga na majivu, jinsi sufuria inavyosuguliwa. Walisimama mlangoni wakingoja nifurahi.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilifungua mdomo, na neno lililokuwa linakuja halikufaa kusemwa kanisani. Ndipo nikaona ndoo. Zilikuwa tupu, na sakafu chini ya turubai ilikuwa imelowa.

"Maji mlitoa wapi?" nikauliza.

Kiongozi wao, Mama Kalekye, ndiye aliyejibu. "Kila mtu alileta ya kwake kidogo. Tuliona hii kitu imejaa oili nyeusi. Tukasema, hata mgeni huwezi mpatia chakula kwa sahani kama hiyo."

Maji ya kwake. Wakati huo mama wa Nuu aliondoka alfajiri na punda, akachimba mchanga wa mto mpaka shimo limfike kifuani, ndipo apate kibuyu kimoja cha maji.

Mwendwa alinivuta pembeni. "Fundi, si uweke tu hivyo hivyo? Itashika."

Alisema kweli, ingeshika. Ingenguruma, ingebeba maji safari chache, akina mama wangeimba, nami ningekuwa Kilungu nikinywa chai siku beringi zitakapoyeyuka na kuikwamisha krenki mahali pasipo na mtu. Haraka haraka haina baraka. Lakini ni rahisi kuisema methali hiyo pale ambapo hakuna anayekutazama na ndoo tupu mkononi.

Nilimwita Mama Kalekye, nikamwomba apitishe ukucha juu ya beringi. Aliupitisha polepole. Ukucha ukakwama, ukakwama tena.

"Inakwaruza," alisema.

"Ndiyo, mama. Na mchanga mwingine umeingia kwa matundu ya oili ndani ya krenki."

"Kwa hivyo tumeharibu."

Ningependa kumwambia hapana. "Ndiyo," nikasema. "Krenki nitaikoa. Beringi zimeenda."

Alifuta mikono kwenye leso. "Afadhali umesema. Sasa tunafanya nini?"

Jumapili ibada ilifanyika nje, nami nilikuwa njiani kurudi Kabati. Mwenye duka alinisikiliza mpaka mwisho, akalitazama lori lake, akafungua kabati. "Yangu inaweza kulala," alisema. "Watu hawawezi."

Nilirudi Nuu nikawakuta akina mama wa mwethya wamekaa kwenye ngazi za kanisa wakisuka vyondo, vile vikapu vyao vya kamba. Nilitazama zile kamba zao za katani, nikapata akili. Niliwapa dizeli na vipande vya kitambaa cheupe. Mama Kalekye alifunga kitambaa kwenye kamba, nikaipenyeza kwa waya katika tundu la oili, naye akaivuta upande wa pili. Kitambaa kilitoka cheusi, chenye punje. Tukarudia tundu moja baada ya jingine. Hakuruhusu tuliache lolote mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Nilipodhani tumemaliza, aliniambia, "Bado, fundi." Na kweli, bado.

Nilipofunga beringi za Kabati na kuirudisha injini kwenye lori, iliwaka kwa mshindo mmoja, moshi ukajaa uani, wazee wakakohoa huku wakicheka. Safari ya kwanza niliendesha mwenyewe, taratibu, na mapipa nusu tu, kwa sababu injini yenye beringi mpya hailazimishwi. Nilisikiliza kila sauti kwenda na kurudi. Haikulalamika.

Maji yalipogawanywa, Mama Kalekye alinijia na beseni. Mikono yangu ilikuwa myeusi hadi viwiko. Nilikataa, nikamwambia dizeli inatosha kunisafisha.

"Nawa," alisema. "Hii ni yako."

Nikanawa. Sijawahi kuoga maji mengi yaliyokuwa na uzito kama yale machache.

Nilirudi Kilungu na gauni la mke wangu likiwa na madoa ya oili, naye akanipokea kama nilivyostahili. Asubuhi yake nilikwenda kijitoni na ndoo, kuteka maji ya kuoshea karakana. Niliijaza, nikainyanyua. Nikasimama pale nikiwa nimeishika, nikikumbuka zile ndoo tupu za Nuu, nisijue maji yale niyamwage wapi.