Ngozi ya Ng'ombe kwenye Mlango wa Kioo

Zamani nyumba zetu za Usukumani zilizuia vumbi na mvua kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, na siku hizi tunanunua mlango wa kioo wa kusukuma ili vyote viwili viingie sebuleni kwa heshima.

Mlango huo Mzee Nkwabi aliwekewa nyumbani kwake mtaa wa Kambarage, Shinyanga, na binti yake Vaileth, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Rwamgasa, Geita. Mtoto mdogo wa Vaileth, Abel, ana pumu. Vaileth alisema nyufa za mlango zikizibwa vizuri vumbi lisipite, Abel na dada yake watahamia kwa babu wasome Shinyanga. Mzee, aliyekuwa akila ugali peke yake tangu afiwe na mkewe, hakuwa na ombi jingine duniani.

Vaileth alimtumia ukanda wa brashi laini wa kubandika kwenye reli, mfereji ambamo mlango huteleza, akaeleza kwamba raba nene itakwamisha mlango na silikoni ni ya sehemu isiyosogea. Mzee aliishia darasa la nne, mengine akajisomea, na ugonjwa wa wasomi wa aina yake ni kudhani yaliyobaki ni machache.

"Brashi ni ya viatu," alimwambia kwenye simu. "Sisi tulikaza ngoma kwa ngozi. Uliwahi kusikia imelegea?"

"Baba, ngoma haifunguliwi kila asubuhi."

Alicheka, kisha akaloweka ukanda wa ngozi mbichi, akaupaka samli, akaushindilia kwenye reli. Wiki ile hata chembe ya vumbi haikuingia. Watoto wakaja, naye akatembea sebuleni kama mtemi aliyerudishiwa kiti.

Kisha mvua ikanyesha. Ngozi ikanywa maji ikavimba, ikanuka, mbwa wa jirani wakaja kuramba samli. Jua likatoka, ngozi ikakauka, ikaung'ang'ania mlango usisogee tena. Hewa ikawa nzito, kifua cha Abel kikabana.

Vaileth alikuja na gari, akawatoa watoto kwa mlango wa jikoni. Mzee akakataa kuwafuata. Mgeni wake, alisema, hapitishwi panapomwagwa majivu. Angefungua mlango wa mbele awasindikize kiungwana.

Sasa wanasoma Geita, na salamu ni za simu. Mara ya mwisho alipowaona, alikuwa ndani, viganja vyote viwili kwenye kioo, akisukuma hadi jasho likamtoka. Abel, garini, akadhani babu anawapungia, naye akampungia kwa mikono yote miwili.