Maranda Tuliyovuka Nayo Mto

Harufu ya maranda mabichi ya mbao hunishika popote inaponikuta. Nikipita mbele ya karakana ya seremala, hata leo na miguu hii mizito, husimama kidogo nikijifanya natazama vitanda. Kumbe niko uani kwetu Kisangani, miaka ya hamsini, mji ambao kwenye karatasi za Wazungu uliitwa jina jingine. Papa alikuwa seremala, na nyuma ya karakana yake palikuwa na lundo la maranda ambalo mvua ililowesha na jua likalikausha, likanuka utamu na uchachu kwa pamoja. Sisi ni Waislamu, na kwetu mbwa haingii ndani, ila Papa alihitaji mlinzi wa mbao zake. Basi akaleta mtoto wa mbwa, mwekundu, masikio makubwa kuliko kichwa, nikampa jina Randa. Kazi ya kumfunza ilikuwa yangu. Samaki mkunje angali mbichi, alisema Papa, kwa hiyo kila Randa alipoamka au kumaliza kula nilimbeba mbio hadi kwenye lile lundo, nikamngoja, na akimaliza nilimsifu kama aliyehitimu Kurani. Haukupita muda mrefu akawa anakwenda mwenyewe. Nilijiona mwalimu mkubwa.

Kisha Mama akakaribia kujifungua, Papa akaitwa kazi Isangi, na mimi nikapangiwa kwenda kwa Bibi, mama yake Mama, ng'ambo ya mto, Lubunga. Randa hakuwa na wa kumlisha, ikabidi twende naye. Bibi alituma jibu kwa mpiga kasia: mbwa aje, alale jikoni nje, lakini akichafua ndani mara moja tu, atatolewa kwa wavuvi wanaoshuka Isangi. Bibi hakuwa mtu wa kutishia bure. Usiku ule nililia, na asubuhi Papa akanijazia kifuko maranda, juu makavu, chini yale yale ya lundo la Randa. Akaniambia kwamba mbwa anajua choo cha kwao tu. Nikifika nimwage pembeni mwa uwanja, atanusa, ataelewa.

Tulivuka kwa mtumbwi, Randa akitetemeka mapajani mwangu, kifuko nimekikumbatia. Ua wa Bibi ulikuwa umefagiwa hata ukaona mistari ya ufagio kama nywele zilizosukwa. Hapakuwa na jani wala ganda la muhogo. Bibi alinipokea, akanibusu, akaona kifuko. Mkono mtupu haulambwi, na kwetu hakuna aendaye kwa mkubwa bila kitu. Akakifungua, akatabasamu.

"Papa yako iko mutu muzuri," akasema. "Ananitumia cha kuwashia moto."

Mlioishi na kuni mbichi za Lubunga mnajua maranda makavu ni zawadi gani. Mimi nami nilikuwa mtoto aliyelelewa: ningewezaje kumwambia Bibi, mbele ya jirani aliyekuja kunisalimu, kwamba zawadi si yake, ni ya mbwa? Kifuko kikaenda kuning'inia jikoni.

Asubuhi Bibi akawasha moto wa chai. Alisema mbao za mwaka huu zina harufu ngeni, nikainamisha uso. Nje, Randa alikuwa akizunguka ua. Alinusa kona hii, akanusa ile, akarudi, akaniangalia. Ardhi yote ilikuwa safi, na kwake usafi ule ulikuwa kama ugeni mtupu. Nilimbeba hadi nyuma ya jiko, nikamsihi, akakaa tu akinitazama. Alijizuia hadi jua likapanda. Nilipogeuka kuosha vikombe akaupita mlango ulio wazi, akajisaidia mahali pamoja tu palipokuwa laini chini ya miguu yake: mkeka wa Bibi wa kuswalia.

Bibi hakupaza sauti. Alisimama kando ya mkeka ule akatazama mtoni, ambako wavuvi wa Isangi walikuwa wakipakia. Nilimshika Randa kifuani nikalia bila haya. Nadhani alikuwa anajiandaa kuniambia nimlete. Badala yake akauliza:

"Kwabo anaendaga wapi?"

"Mu maranda, Bibi."

"Maranda gani?"

"Ile uliwashaka nayo chai."

Bibi aligeuka akatazama jikoni. Kisha akanusa vidole vyake, akakumbuka kikombe alichokwisha kunywa, akakaa chini akacheka hadi machozi. Mkeka aliuosha mwenyewe mtoni mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka. Aliporudi akashusha kifuko, akamwaga maranda yote yaliyobaki pembeni mwa ule ua uliokuwa ukisifiwa Lubunga nzima. Hakumgusa Randa hata siku moja. Ila kila alfajiri nilisikia ufagio wake ukija, ukifika karibu na pembe ile, ukaizunguka. Nilimpenda Bibi kwa hilo kuliko kwa mabusu yake yote.

Sasa nyumba zetu zina saruji hadi ukutani, na wajukuu wangu wananiletea sukari kwenye mifuko ya plastiki. Mwezi uliopita alikuja kitukuu kulala kwangu mara ya kwanza, akalowesha godoro. Mama yake akaanza kumgombeza kwamba anawaaibisha, mtoto mkubwa hivi. Nilimkalisha mtoto karibu yangu nikamuuliza:

"Kwenu unaendaga wapi?"

Akasema kwao kuna ndoo ya bluu, karibu na mlango. Mimi nilikuwa na nyekundu tu. Nikachukua fimbo yangu, nikaenda kwa jirani kuomba ya bluu.