Sura ya Mwisho Iliyoshonwa

Enzi zetu, nasema, na najua wakubwa watacheka, maana enzi zenyewe ziliisha juzi na mimi sijafika hata thelathini. Lakini ukikaa Ukunda siku hizi na wadogo zetu, wanaodhani kitabu ni kitu cha kupigiwa picha kando ya kikombe cha kahawa, unazeeka mapema. Basi nami niruhusiwe kulisema neno hilo.

Tulikulia Bongwe. Nakumbuka vumbi jeupe kwenye mashine ya kusaga, mihogo ya nazi, mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, mpaka tuitwe kwa majina yetu na ya baba zetu, na simu ya baba ya mulika mwizi, ile yenye tochi, ambayo haikuguswa na mtu. Vitabu vilikuwa vya shule. Kitabu cha kusoma kwa raha kilikuwa kimoja, na hakikuwa chetu. Hakikuwa cha mtu yeyote.

Ilikuwa riwaya isiyo na jalada, kwa hiyo hakuna aliyejua jina lake. Watu walikiita Kitabu cha Mwanahawa, kwa sababu ya mwanamke aliyekuwa ndani yake. Kilizunguka pwani yote ya kusini: kilifika Lunga Lunga na utingo wa lori, kikavuka kwenda Chale na wapishi wa hoteli, kikarudi Msambweni kwenye foleni ya kliniki. Sheria zilikuwa mbili. Ukimaliza humpi ndugu, maana kwa ndugu kitalala kabatini mpaka kiliwe na mchwa. Unampa mgeni, na mgeni humuulizi jina. Hayo yalitendeka katika mji ambao huwezi kununua sabuni bila kuulizwa wewe ni mtoto wa nani.

Lakini watu hao waliopeana kitabu bila kujuana hawakuaminiana hata kidogo. Palipokuwa na mambo ya chumbani, mtu mwenye heshima zake alizishona kurasa kwa sindano ili atakayefuata asiharibike. Atakayefuata, mwenye heshima vilevile, alifumua. Sura ya usiku wa harusi ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa gunia, kama mahindi yanayopelekwa ghalani, na mwingine akaifumua, nadhani kwa meno.

Kwetu kililetwa na Shangazi Mwanasiti, dada yake baba, mwaka aliporudi nyumbani na begi moja. Mumewe, mhudumu wa hoteli Diani, alikuwa ameoa mke wa pili kimya kimya, na Shangazi akaipata habari kwa muuza samaki, tena mbele ya wateja. Siku ya kurudi, mwanamke asiyemjua alimwona ameketi kituoni na begi lake, akamwekea kitabu mapajani, akaenda zake.

Ndani ya kitabu, Mwanahawa naye alikuwa amemwacha mumewe. Kila alasiri Shangazi alimsomea Bibi, naye Bibi akisuka ukili wa mkeka na kuingilia kati.

"Mwambie asifungue huo mlango!"

"Mama, hanisikii."

"Basi paza sauti!"

Kisha ukaja ujumbe: Ijumaa, baada ya swala, wazee wa upande wa mume wangekuja kutafuta suluhu. Baba alitaka jibu mapema asije akaaibika.

"Siti, unarudi au hurudi?"

"Ngoja nimalize kitabu, kaka."

"Ndoa yako inangoja kitabu?"

"Ilimngoja muuza samaki. Na hiki itakingoja."

Alhamisi akaifikia sura ya mwisho. Imeshonwa. Uzi mweupe, mishono midogo iliyopangika, kuzunguka pande zote tatu. Bibi alikishika kitabu akakigeuzageuza. "Huyu hakuwa na haraka," akasema. "Hii ni kazi ya mtu aliyekaa kitako."

Mimi nilizikunja kurasa kama bomba nikachungulia kwa jicho moja. Niliona neno "akasema" na nusu ya neno "mlango".

"Shangazi, si ufumue tu? Wembe ule pale dirishani. Kwa nini hufumui?"

"Wewe mtoto, maswali yako kama ya karani wa mahakama."

Alipitisha kidole ukingoni mwa kurasa, polepole. Kisha akakiweka kitabu chini ya mto wake wa kulalia. Wembe ukabaki dirishani.

Ijumaa wazee walikuja, wakala wali wa nazi na kuku, wakashiba, wakakohoa. Mume, aliyekuja nao, alikuwa akihesabu mistari ya mkeka kwa macho. Mzee mkubwa akaanza kwa upole.

"Mwanangu, mke mwenza si ugonjwa."

"Si ugonjwa, baba. Lakini hata ugonjwa, daktari humwambia mgonjwa kabla ya muuza samaki."

Mmoja wa wazee alipaliwa na maji.

"Kwa hiyo unarudi?" akauliza mzee mkubwa.

Nilitazama mlango wa chumba, kule kwenye mto. Nilitamani kukimbia nikakilete kitabu, tufumue mbele ya watu wote, tujue.

"Sirudi," akasema Shangazi. "Naomba talaka yangu kwa wema. Na kuku aliyebaki mtafungiwa."

Walipoondoka ndipo alipouchukua wembe. Alifumua, akasoma kimya sisi tukiosha sahani, kisha akacheka mpaka Bibi akatoka jikoni kumtazama. Alipomaliza kucheka aliomba mkebe wa nyuzi, akachagua uzi wa kijani, akaanza kushona upya.

"Alirudi?" nikauliza.

"Nani?"

"Mwanahawa!"

"Utasoma ukipewa."

Nilisogea karibu, na hapo nikauona ukingo wa kurasa zile. Ulikuwa umetobokatoboka kama chujio la nazi, mstari juu ya mstari wa matundu. Wote waliotangulia walikuwa wamefumua, wakasoma, wakashona tena. Wiki iliyofuata, kwenye mashine ya kusaga, Shangazi alimpa kitabu binti mmoja aliyekuja na mahindi na macho mekundu. Hakumuuliza jina.

Nimejiuliza sana. Labda Mwanahawa alirudi kwa mumewe, ndiyo maana Shangazi alicheka. Labda hakurudi. Labda mle ndani, baada ya yale maneno niliyoyachungulia, mlikuwa na karatasi tupu, na pwani nzima ilikuwa ikifichiana aibu ya kudanganywa. Chuo kikuu niliwauliza wahadhiri. Mmoja alinishauri nilete kwanza jina la mwandishi. Shangazi, ambaye sasa anashona sare za shule, namuuliza kila Idd, naye ananiongezea biriani.

Juzi binamu yangu alinitumia rundo la riwaya kwenye simu, kwa mguso mmoja. Nikamuuliza ipi nzuri.

"Sijafungua hata moja, msee. Nimefowadi tu."

Nilizifungua. Zote zina jalada, jina la mwandishi na sura ya mwisho iliyo wazi kwa yeyote. Sikusoma. Lakini nikipita pale Ukunda wanapouza vitabu vikuukuu chini, huchuchumaa, na kabla ya kutazama jina la kitabu chochote, hupapasa ukingo wa kurasa zake za mwisho, nikitafuta matundu.